Kuchoka kwenye wimbo wa tatu

"Shikamoo Mwalimu. Kwenye kundi letu la marafiki tuna mtindo mmoja: kila mwisho wa mwezi kila mtu anataja albamu tatu alizokuwa akizisikiliza na kuzipenda. Mimi ni mtu wa wimbo mmoja mmoja. Nikiweka albamu nzima, wimbo wa tatu nimeshachoka, natafuta kitu kingine. Na nikitaja zangu hakuna anayezisikiliza, wananiwekea dole gumba, basi. Je, kusikiliza albamu kunafundishika? Nifanyeje ili ninayoipendekeza isikilizwe kweli? Na wewe siku hizi unasikiliza zipi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza matatu, lakini nikiyatazama vizuri naona ugonjwa ni mmoja. Anayekutajia albamu bila kukuambia uingilie wapi ni sawa na aliyekutajia mtaa bila namba ya nyumba. Wenzako wanakufanyia hivyo, na wewe unawafanyia hivyo hivyo. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, maana kazi iliyonilisha miaka mingi ni kupanga muziki wa redio, na mtu wa redio akiulizwa saa hueleza saa inavyotengenezwa.

Kwanza ondoa aibu. Kuchoka kwenye wimbo wa tatu si uvivu wa masikio. Watayarishaji wengi wana mazoea ya kuweka nyimbo kali mwanzoni, ili anayeonja aonje panapokolea. Ukishapigwa vibao vitatu mfululizo, wimbo wa nne ukitulia kidogo tu unahisi kama umeme umekatika. Huduma za kusikiliza muziki kwenye intaneti nazo zimeongeza chumvi. Kwenye Spotify, wimbo unahesabiwa kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Desemba 2014 chati ya albamu ya Billboard kule Marekani ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni, na kwa kanuni ya wakati ule, nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 zilikuwa sawa na nakala moja iliyouzwa. Piga hesabu mwenyewe: albamu yenye nyimbo 24 fupi inafika 1,500 upesi kuliko yenye nyimbo nane ndefu. Ndiyo maana unakutana na albamu zilizoshindiliwa mpaka hazifungi. Zile ni ghala. Mtu akichoka ghalani hana kosa, na mimi nachoka nazo vilevile.

Neno albamu lenyewe lina historia itakayokusaidia. Kabla ya 1948, sahani za muziki zilizunguka mara 78 kwa dakika na kila upande ulibeba dakika tatu hadi tano hivi. Kazi ndefu, tuseme simfoni, iligawanywa kwenye sahani kadhaa, na sahani hizo zikafungwa ndani ya jalada lenye kurasa za mifuko, mfano wa kitabu cha kutunzia picha. Kitabu kile ndicho kilichoitwa albamu. Juni 1948 kampuni ya Columbia ikatoa santuri ndefu inayozunguka mara 33 na theluthi moja, kila upande dakika 20 na ushee. Kitabu kikapotea, jina likabaki. Kilichozaliwa hapo ni kazi ya dakika 40 yenye pumziko katikati, pale unapoinuka kwenda kugeuza sahani.

Pumziko hilo ndilo watu wa simu wamelisahau. Mwanamuziki wa santuri alikuwa na mianzo miwili na miisho miwili ya kupanga. Tena kuna jambo la kifundi ndani yake. Sindano inapokaribia katikati ya santuri, duara linakuwa dogo lakini kasi ya kuzunguka ni ileile, kwa hiyo mfereji unapita chini ya sindano kwa mwendo mdogo zaidi. Hapo sauti nyembamba kali, za matoazi, au "s" ya mwimbaji, huanza kukwaruza. Dawa ilikuwa kufunga upande kwa wimbo mtulivu. Kwa hiyo ukisikia albamu ya miaka ya 1970 inapoa katikati kisha inalipuka upya, usidhani msanii aliishiwa. Upande ulikuwa unaisha.

Basi dawa yako ya kwanza hiyo hapo: usisikilize albamu nzima. Sikiliza nusu. Tafuta upande wa kwanza uliishia wimbo gani, maana orodha za santuri za zamani hazifichiki, ufike hapo, uzime. Nyoosha miguu. Ukirudi saa hiyo, vizuri, na ukirudi kesho pia ni vizuri. Dakika 20 ni muda ambao hata mtu mwenye pilikapilika anaweza kukaa na jambo moja.

Kabla hujaanza, ingia kwenye mipangilio. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Zima ile inayofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine kama DJ mlevi. Zima na inayojiletea nyimbo za kubahatisha albamu ikiisha, kwa sababu ukimya wa baada ya wimbo wa mwisho nao ulipangwa. Si mambo ya wazee tu haya: Novemba 2021, mwimbaji Adele alipotoa albamu yake iitwayo 30, Spotify waliacha kuweka kuchanganya kuwa chaguo la kwanza kwenye kurasa za albamu, na ni yeye aliyewaomba. Jihadhari pia na matoleo yaliyoongezwa. Unatafuta albamu ya dakika 35, unaletewa ya saa mbili, yenye majaribio ya studio na wimbo uleule mara tatu. Hesabu nyimbo za toleo la awali usimame hapo. Mwisho wa awali uliwekwa na msanii, hayo mengine yamepachikwa na mhasibu.

Na usitumie spika ya simu. Hedifoni yoyote, hata ya bei ya chini kabisa, inashinda. Nitakutajia hapa chini albamu ambayo siri yake iko kwenye noti nne za besi, na spika ya simu itakuletea kivuli chake tu.

Sasa ninazosikiliza.

Nimerudi kwa Marvin Gaye, What's Going On, iliyotoka Mei 1971. Nyimbo tisa, dakika 35 na ushee. Anayesema humo ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na kuikuta nchi yake haieleweki, na Frankie, mdogo wake Marvin, alikuwa ametoka vitani kweli. Nyimbo sita za upande wa kwanza zimeshonwa pamoja, mmoja unamwagikia mwingine bila kuachana. Mimi sikulijua hilo kwa miaka. Nilikuwa na sidii niliyonakiliwa na rafiki, na kompyuta yake ilichomeka sekunde mbili za ukimya kati ya kila wimbo na mwenzake. Ngoma ziko hewani, waitikiaji wanaelekea mahali, mara kisu! Kimya. Kisha wimbo unaofuata unaanza katikati ya pumzi. Nikajua ndivyo ulivyorekodiwa, hata nikawahi kuwaeleza watu kwamba ule ndio ubunifu wenyewe. Siku nilipoipata isiyokatwa nilikuwa napiga pasi. Wimbo wa kwanza ulipoingia ndani ya wa pili bila kupepesa, nilisimama nikisikiliza mkono ukiwa palepale. Shati ninalo mpaka leo, lina alama ya pembe tatu mgongoni.

Mwanzo wa albamu hiyo kuna saksofoni, inaingia kama mtu anayenyoosha mabega. Ni Eli Fontaine, na alikuwa anajipasha tu. Marvin akasema inatosha, hiyo hiyo. Kisha sikiliza sauti ya Marvin mwenyewe: ziko mbili. Alikuwa amerekodi sauti kuu mara mbili ili achague moja, fundi akazifungulia zote kwa wakati mmoja kwa bahati mbaya, na yeye akaipenda ajali ile. Tangu hapo akawa anaimba akijijibu mwenyewe, sauti moja inalalamika, nyingine inabembeleza. Mwishoni kabisa, wimbo wa tisa unapoelekea kufifia, maneno ya wimbo wa kwanza yanarudi. Aliyeurukia wimbo huo peke yake atasikia kipande kigeni kimening'inia mkiani. Aliyeanzia mwanzo atajua amerudishwa mlangoni alikoingilia, na nchi ni ileile.

Uelekezaji wangu: nenda kwenye sekunde 20 za mwisho za wimbo wa kwanza, ngoja mshono. Ukishausikia mmoja utaisaka iliyobaki mwenyewe.

Ya pili ni ngumu, naitaja makusudi. John Coltrane, A Love Supreme. Ilirekodiwa 9 Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, ikatoka mwaka uliofuata. Watu wanne: Coltrane kwenye saksofoni, McCoy Tyner piano, Jimmy Garrison besi, Elvin Jones ngoma. Sehemu nne, dakika 33 hivi. Wengi wanachokea hapa, na wanaoipenda wanawachosha zaidi kwa kunong'ona kwamba ni kazi takatifu. Mimi nitakupa kazi ya mkono.

Coltrane aliandika shairi, likachapishwa ndani ya jalada la albamu. Litafute, liweke mbele yako. Fungua sehemu ya nne, inaitwa Psalm, na uweke kidole kwenye mstari wa kwanza. Utagundua saksofoni haipigi melodia ya kawaida. Inasoma. Silabi kwa silabi, anasoma shairi lake kwa mdomo wa ala, anavuta pale ambapo msomaji angevuta, anakata pumzi mwisho wa mstari. Elvin Jones nyuma hapigi mdundo wa kuhesabu, anavurumisha ngoma kama radi ya mbali. Ukipotea usiogope. Maneno ya kumshukuru Mungu yanajirudia kila baada ya mistari michache, ngojea pale, utamdaka. Mimi mara ya kwanza nilipotea mara nne na nikafika mwisho kidole kikiwa mistari miwili nyuma.

Ukimaliza, ndipo urudi sehemu ya kwanza. Besi inaingia na noti nne, zinajirudia, zinajirudia. Noti hizo ni jina la albamu, lakini hujaambiwa. Coltrane anazichukua, anazipitisha kwenye funguo zote 12 za muziki, za juu na za chini, kama mtu anayegonga kila mlango wa nyumba, kisha ndipo sauti ya mtu inayatamka maneno yenyewe, na unajua ulikuwa unayasikia muda wote. Najua, nimetoka kukuhubiria kuhusu mpangilio na sasa nimekuingiza kwa mlango wa nyuma. Mara ya kwanza inaruhusiwa. Ya pili, fuata njia.

Siku ambazo sina nguvu ya kazi ya kidole, naweka In the Heart of the Moon ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté. Ilitoka 2005, ilirekodiwa mwaka mmoja kabla kwenye hoteli huko Bamako, kando ya mto Niger, kwa vikao vitatu vya saa mbili mbili, bila mazoezi. Gitaa la Ali na kora ya Toumani, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi; kuna vyombo vichache vilivyoongezwa baadaye kwenye baadhi ya nyimbo, lakini vimekaa kwa adabu. Kora ina nyuzi 21 na hupigwa kwa vidole vinne tu: gumba na shahada za mikono yote miwili. Gumba hushika besi na kiitikio, shahada huruka juu. Ukilijua hilo unashangaa mara mbili, kwa sababu masikio yanakuambia wapigaji ni watatu.

Fungua wimbo wa kwanza, Debe. Usimfuate Toumani, najua ndiye anayekuvuta, anamwaga noti kama mtu aliyepasua shanga. Mfuate Ali. Anashika kifungu kifupi cha gitaa na haachi. Kila anapokirudia anakisogeza kidogo sana, noti moja inachelewa, nyingine inaminywa. Toumani anaweza kuruka atakavyo kwa kuwa ana sakafu. Mwaka 2006, mwezi mmoja tu baada ya albamu hiyo kupewa tuzo ya Grammy, Ali alifariki. Walikuwa wamewahi kurekodi nyingine London, ikatoka 2010, inaitwa Ali and Toumani. Ni nzuri, ila mimi huisikia kama barua iliyofika baada ya mazishi, kwa hiyo siiweki mara nyingi. Toumani naye alitutoka Julai 2024, na tangu hapo hata hii ya kwanza imebadilika kidogo masikioni mwangu.

Kuna mama mmoja wa piano ambaye nikimtaja redioni simu zilikuwa zinalia kuulizia jina. Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, mtawa wa Ethiopia, aliyezaliwa 1923 na kufariki Machi 2023 akiwa Jerusalem. Alisoma fidla Uswisi akiwa mtoto, familia yake ikachukuliwa mateka na Waitalia wakati wa vita, baadaye akasoma Cairo, kisha akaacha yote na kuingia utawa. Sahani yake ya kwanza ilitoka Ujerumani 1967, na mapato aliyaelekeza kwa wenye shida. Wengi wetu tulimfahamu 2006, kazi zake zilipokusanywa kwenye toleo la 21 la Éthiopiques, mfululizo wa albamu za muziki wa Ethiopia. Elekezo ni moja: usijaribu kupiga makofi wala kutikisa mguu. Hamna mdundo wa kushika. Anaharakisha, anasita, anarudi, kama mtu anayesimulia jambo huku akilikumbuka. Wimbo wa kwanza, The Homeless Wanderer, usikilize taa zikiwa zimezimwa. Ukiwa umechoka sana utasinzia, na sidhani kama mwenyewe angechukia.

Nyingine nazipitia haraka. The Miseducation of Lauryn Hill ya 1998 imeunganishwa kwa mazungumzo ya darasani, mwalimu anawauliza watoto mapenzi ni nini, na watoto wanajibu kwa uhakika ambao wakubwa hatuna tena. Ukichanganya nyimbo, mazungumzo yale yanageuka kero, unayaruka. Ukifuata mpangilio unagundua kila jibu la mtoto linausemea wimbo. Mwanzoni kabisa mwalimu anaita majina, anapofika kwa Lauryn hakuna anayeitika. Hapo ndipo albamu ilipo. Fela Kuti, Zombie: upande mmoja wimbo mmoja, upande wa pili wimbo mmoja, kila mmoja zaidi ya dakika 12. Wewe mtu wa wimbo mmoja mmoja, hii ni albamu yako. Sikiliza ala peke yake inavyotangulia, anachelewa kuimba kama mgeni rasmi.

Na hapa nitawaudhi watu. Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, 1976, kila orodha ya albamu bora inayo, na kila aliyeiweka kwenye orodha anadai ameisikiliza yote kwa mkao mmoja. Santuri mbili na kisahani cha nyongeza, nyimbo 21, saa moja na dakika 45. Sijawahi. Nimeipenda zaidi ya miaka thelathini na sijawahi hata siku moja kuanza wimbo wa kwanza nikamaliza wa mwisho bila kuinuka. Inahitaji kugawanywa pande nne, kila upande siku yake, na visivyokugusa uviache. Anayekuambia vinginevyo mwulize wimbo wa tatu wa upande wa tatu unaitwaje.

Kama unataka ya kuanzia leo hii, moja tu, chukua Pink Moon ya Nick Drake, ya 1972. Dakika 28, nyimbo 11. Ni sauti yake na gitaa lake, na piano inapita mara moja tu, kwenye wimbo wa kwanza. Ilirekodiwa London kwa vikao viwili vya usiku. Sikuchagulii kwa sababu ni bora kuliko hizo nyingine, na kusema kweli ina huzuni, kama siku zako si nzuri iache ikae. Nakuchagulia kwa sababu haina vibao vitatu vya mbele kisha shimo. Kiasi cha sauti ni kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo wimbo wa tatu hautakuangusha popote. Utakapofika wa tano hutakuwa na habari.

Isikilize mara tatu kwa wiki. Mara ya kwanza ukiwa na kazi ya mikono isiyohitaji kichwa: vyombo, pasi (angalia shati), kukunja nguo. Mara ya pili ukae, simu ikiwa mbali na kiganja, maana anayechoka kwenye wimbo wa tatu mara nyingi ni kidole gumba, masikio bado yanataka. Mara ya tatu na maneno ya nyimbo mbele yako. Baada ya hapo kama bado haikuingii, iache bila kuomba radhi. Kuna albamu maarufu nimezipa nafasi sita na kila mara tunaagana kwa heshima.

Sasa lile la dole gumba. Miaka fulani nyuma nilimtumia rafiki yangu orodha ya albamu 27. Niliihangaikia, kila moja nikaiandikia mwaka na nchi. Baada ya miezi miwili nikamuuliza. "Ile orodha yako ni nzuri sana," akasema. Ukisikia mtu anaisifu orodha, jua hajagusa albamu hata moja. Nikanuna kwanza, kisha nikajiona mjinga: nilikuwa nimempa mtu mwenye shughuli zake kazi ya saa ishirini na kuiita zawadi.

Baadaye nikamtumia ujumbe mmoja, sikuzidisha neno. "Leo ukiwa unaosha vyombo weka Debe ya Ali na Toumani. Mfuate mwenye gitaa, usimfuate mwenzake. Dakika tano tu. Sitakuuliza." Usiku saa nne akajibu: "Hivi ile nyingine ina nyuzi ngapi?" Nikamwambia 21. Akajibu, "Haiwezekani." Wiki iliyofuata alikuwa ameshamaliza albamu na anataka ile ya London, na mimi nikamwambia asubiri kidogo.

Tazama kilichobadilika. Albamu ilikuwa moja, tena ilikuwa imo kwenye ile 27 tangu mwanzo, namba kumi na kitu. Safari hii alipewa mahali pa kuingilia, cha kufanya na masikio, muda atakaotumia, na ruhusa ya kutonijibu. Hiyo ya mwisho usiidharau. Ukimtumia mtu albamu leo na kesho ukamwuliza "umesikiliza?", umempa mtihani, na mtu akiona mtihani anatafuta njia ya kutokea. Usimwambie pia kwamba itabadilisha maisha yake. Atakaa anangojea maisha yabadilike na muziki utampita. Mwambie kasoro yake mapema. "Wimbo wa pili ni mbovu, vumilia" ni maneno yanayoaminika kuliko nyota tano, na akifika wimbo wa pili akaupenda, atakuandikia kukubishia. Hapo mazungumzo yameanza.

Mpendekezee mtu, usilipendekezee kundi. Yule rafiki yako anayependa taarabu na kusikiliza maneno ya mafumbo, mpe Lauryn Hill na yale majibu ya watoto. Anayesema hapendi nyimbo zenye maneno mengi, mpe mtawa wa Ethiopia. Anayekuja kazini amechoka, usimpe Coltrane hata kama unampenda vipi. Kwenye kundi andika moja badala ya tatu, na uelekeze: wimbo gani, dakika ya ngapi, sikiliza nini. Halafu, kabla hujataja yako, chukua moja ya mwenzako ya mwezi uliopita, isikilize upande mmoja, na umwandikie ulichokisikia na kilikuwa wapi. Usiseme "kali sana." Mwambie, "dakika ya pili na nusu kwenye wimbo wa nne kuna mtu anacheka nyuma, ni nani?" Aliyetajiwa dakika anajua umesikiliza. Mwezi ujao ataisikiliza yako, na mwingine atawaona na kuona wivu.

Na siku ukifika mwisho wa Psalm kidole kikiwa mstari uleule na saksofoni, niandikie. Mimi bado ananipoteza katikati.